Gereji imeua injini yangu: nidai kiasi gani?

"Shikamoo mzee wetu. Nina Toyota IST ya mwaka 2004, injini ya cc 1,500, imetembea kilomita 190,000. Jumamosi niliipeleka gereji ya jirani hapa Moshi kumwaga oili. Oili na filta nilinunua mwenyewe dukani, fundi nikamlipa ufundi 20,000 kwa simu. Jumatatu alfajiri nilipakia mayai kupeleka Arusha, ambako nahudumia hoteli mbili, safari mbili kwa wiki. Nilipopita njia panda ya KIA taa nyekundu ya oili iliwaka. Nikadhani oili imepungua tu, nikaendelea kuelekea Kikatiti nikanunue ya kuongeza. Kabla sijafika, injini ilianza kugonga, ikazima, haikuwaka tena. Fundi wa pale alichungulia chini akasema kumelowa oili kila mahali, ila boliti ya sampo, ile ya kumwagia oili, ipo mahali pake. Binti yangu alipiga picha. Nimevutwa kwa 150,000 hadi gereji ileile. Mwenye gereji anasema injini ilikuwa imechoka, na kwamba ukutani kwake kuna bango kuwa gereji haihusiki na uharibifu wowote. Hata hivyo, kwa ujirani, atatoa nusu ya bei ya injini ya mtumba, ambayo ni 2,600,000 hadi kufika Moshi, na ataifunga bure. Vitu vya kufungia nimeambiwa ni 180,000. Anataka kuifumua ya zamani kesho. Sasa nakodi kirikuu 60,000 kwa safari, wakati gari langu nilikuwa naliwekea petroli ya 35,000. Hoteli moja imeanza kununua kwa mtu mwingine. Sina mkataba wa maandishi. Je, nusu ni haki? Niende polisi?"

Marahaba mama, na pole. Nimekagua magari na kukadiria hasara zake kwa muda mrefu katika mikoa hii miwili, na swali lako lina kila kitu kinachofanya kesi za namna hii ziwe ngumu: gari la umri mkubwa, filta iliyonunuliwa na mteja, taa iliyowaka na dereva akaendelea, na fundi ambaye ni jirani. Unauliza kama nusu ni haki. Nitakupa hesabu, lakini kuna jambo la kufanya kabla ya hesabu, na muda wake ni leo.

Mwambie mwenye gereji, kwa ujumbe wa maandishi hata kama mmeshazungumza, kwamba injini isifumuliwe wala filta isitolewe mpaka awepo mtu wa tatu mnayekubaliana. Huhitaji kumshutumu kwa lolote. Sababu ni kwamba chanzo cha hasara yako bado kimekaa kwenye injini hiyo, na akishaifumua peke yake utabaki na maneno yake dhidi ya maneno yako. Mtu wa tatu anaweza kuwa mkaguzi wa hasara za magari anayefanya kazi na kampuni za bima, mwalimu wa ufundi magari kutoka VETA au Chuo cha Ufundi Arusha, au fundi mzoefu wa gereji nyingine asiye na undugu wala ugomvi na yeyote kati yenu. Aandike alichokiona, apige picha, atie sahihi na tarehe.

Atatafuta nini? Oili ndani ya injini haikai tu ili kulainisha. Pampu huisukuma kwa presha hadi kwenye krenki, yaani mhimili unaozungushwa na pistoni, na pale kati ya krenki na zile metali, yaani vikombe vyembamba vinavyoshika konrodi, fimbo inayounganisha pistoni na krenki, oili hutengeneza utando unaozuia chuma kisiguse chuma. Ukiwa kwenye lami kwa mwendo wa kawaida, krenki inazunguka zaidi ya mara 2,000 kwa dakika. Utando ukikatika, metali hupata joto, huyeyuka usoni, nafasi huongezeka, na konrodi huanza kugonga. Ndiyo sauti uliyoisikia. Injini yako ina lita 3.7 tu za oili pamoja na filta, kwa hiyo uvujaji mkubwa wenye presha nyuma yake huimaliza haraka sana.

Sasa, kwa kuwa boliti ya sampo ilikuwepo, na kwa kuwa gari lilitoka gereji Jumamosi na likamwaga oili Jumatatu likiwa kwenye lami, mashaka yangu ya kwanza yako kwenye filta. Filta ina raba ya duara inayoziba kati yake na injini. Mara nyingine filta ya zamani inapofunguliwa, raba yake hubaki imenata kwenye injini. Fundi asiyepitisha kidole kuhakikisha uso ni mtupu hufunga filta mpya juu ya raba ya zamani, na hapo zinakuwa raba mbili. Hali hiyo inaweza kushika kwa muda, hasa katika mizunguko mifupi, halafu asubuhi ya baridi, oili ikiwa nzito na injini ikikanyagwa kwenye barabara kuu, presha huisukuma raba moja nje na oili humwagika yote. Mkaguzi akikuta raba mbili, mjadala wa chanzo umekwisha. Akikuta raba moja lakini filta imelegea, hilo nalo ni kosa la ufungaji. Akikuta filta yenyewe imepasuka au raba yake imechanika ikiwa peke yake, basi lawama inahamia kwa kiasi kikubwa kwenye duka lililokuuzia, ingawa fundi aliyepokea kifaa na kukifunga bila kukitazama naye hakwepi lawama. Kwa hiyo risiti ya duka itafute, na iwe ya EFD kama ulipewa.

Boliti nayo isiachwe bila kukaguliwa kwa sababu tu ipo. Inaweza kuwa ipo lakini haijakazwa, washa yake ikawa imechoka, au meno yameliwa kwa sababu ya kukazwa kwa nguvu za mkono mzima kila mwaka. Kwa injini nyingi ndogo za Toyota boliti hiyo inahitaji kukazwa takriban Nyutoni-mita 38, nguvu ndogo kuliko wengi wanavyodhani, na rungu la bomba juu ya spana limeharibu sampo nyingi kuliko uzembe wa kulegeza.

Vipi kuhusu dai kwamba injini ilikuwa imechoka? Injini iliyochoka kwa umri hutoa taarifa mapema. Inakula oili kati ya huduma moja na nyingine, inatoa moshi wa bluu, taa ya oili inapepesa ikiwa imepata moto na gari limesimama. Haichagui kufa siku mbili baada ya kumwagwa oili, chini kukiwa kumelowa. Kama hukuwa unaongeza oili katikati, sema hivyo kwa uwazi, na kama ulikuwa unaongeza, sema pia, kwa sababu mkaguzi ataona masizi kwenye pistoni na utakuwa umejiharibia uaminifu bure. Umri wa injini una nafasi yake, lakini nafasi hiyo ni kwenye kiasi cha fidia. Haugeuzi chanzo cha uharibifu.

Kuna jambo moja lisilopendeza ambalo lazima nikuambie, kwa sababu mwenye gereji au wakili wake atalisema. Taa nyekundu ya oili haikuambii kwamba oili imepungua na inahitaji kuongezwa. Inakuambia kwamba presha imeshuka karibu kabisa na sifuri, na maana yake ni kusimama pembeni na kuzima injini papo hapo, hata kama ni porini. Madereva wengi hawalijui hili, na sikulaumu, lakini kuendelea kwako kuelekea Kikatiti kuna uzito. Je, ungezima palepale, injini ingepona? Inawezekana ingepona, na inawezekana metali zilikuwa zimeshaungua, kwa sababu taa huwaka presha ikiwa imeshaondoka. Katika tathmini zangu, hali ya namna hii hunifanya nipunguze sehemu ya kumi hadi sehemu ya tano ya gharama ya injini. Mwingine angepunguza zaidi kidogo. Ila nusu ingehitaji dereva aliyeendesha kwa muda mrefu huku injini ikigonga, na wewe hukufanya hivyo.

Tuje kwenye kanuni ya fidia. Kifungu cha 73 cha Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, kinasema kwa ufupi kwamba aliyevunja mkataba hulipa hasara iliyotokana na uvunjaji huo kwa mkondo wa kawaida wa mambo, au ambayo pande zote zilijua tangu mwanzo kwamba inaweza kutokea. Hasara za mbali hazilipwi, na kinazingatiwa pia kile ambacho mwenye hasara angeweza kukifanya ili kuipunguza. Kwa lugha ya gereji, unarudishwa pale ulipokuwa Jumamosi asubuhi: mwenye IST ya mwaka 2004 yenye injini nzima ya kilomita 190,000. Hurudishwi chini ya hapo, na wala hupandishwi juu ya hapo.

Ndiyo maana huwezi kudai injini mpya kabisa. Lakini ndiyo maana pia hoja ya "nusu kwa sababu ilikuwa ya zamani" haisimami, maana unachofungiwa si injini mpya. Ni ya mtumba, na mtumba kwa mtumba ni kubadilishana kitu kwa kitu cha aina yake. Punguzo la umri lina mantiki pale unapopewa kitu bora kuliko ulichopoteza. Kwa mfano, mkiamua kuitengeneza injini yako mwenyewe kwa kuchonga krenki na kuweka metali, ringi na gasketi mpya, utatoka na injini iliyo bora kuliko ya awali, na hapo ni haki uchangie kidogo. Binafsi nisingependelea njia hiyo mpaka krenki ipimwe na fundi mchongaji, kwa sababu injini iliyokaushwa oili mara nyingi imeumia hadi juu kwenye kamshafti, mhimili unaofungua vali.

Kwa takwimu zako, injini ni 2,600,000 na vitu vya kufungia 180,000, jumla 2,780,000. Kuvutwa ni 150,000. Usafiri mbadala usidai 60,000 kwa safari, kwa sababu hata gari lako lilikuwa linakula petroli ya 35,000. Hasara yako halisi ni tofauti, yaani 25,000. Tukichukulia wiki tatu hadi gari litembee tena, ni safari sita, sawa na 150,000. Jumla kuu ni 3,080,000. Punguzo la taa ya oili linagusa injini na vitu vyake tu, kwa kuwa kuvutwa na kukodi kirikuu kungetokea hata ungezima injini papo hapo. Sehemu ya tano ya 2,780,000 ni 556,000, na ukiitoa unabaki na 2,524,000. Kwa hiyo, chanzo kikithibitika kuwa ufungaji mbaya, fidia ya haki iko kati ya takriban milioni 2.5 na milioni 3.1, kazi ya kufunga ikiwa juu yake, na injini iliyokufa ikibaki kwake. Ukiichukua wewe kuiuza kama chuma au vipuri, thamani yake ipunguzwe kwenye dai. Ofa yake ya 1,300,000 iko chini sana ya hapo.

Kuhusu hoteli iliyohamia kwa mwingine, kuwa na tahadhari. Kama fundi alijua kwamba gari hilo ndilo linalobeba mayai yako Arusha, una hoja, lakini utatakiwa kuonyesha oda zilizokatwa, kumbukumbu za malipo ya miezi iliyopita, na faida iliyopotea baada ya kutoa chakula cha kuku na gharama nyingine. Mauzo ghafi hayahesabiwi. Na kwa kuwa umekodi kirikuu na mayai yanafika, mtu atauliza kwa nini hoteli iliondoka. Mimi ningeiweka hoja hii kwenye mazungumzo kama sababu ya kuharakisha kazi, na nisingeitegemea kama fedha.

Bango la ukutani lisikutishe. Tangazo la namna ile linaweza kuwa na maana kwenye simu uliyoisahau kwenye kiti, lakini mtu aliyelipwa kufunga filta hawezi kwa rangi na brashi kujivua wajibu wa kuifunga sawasawa, hasa kama hakuna aliyekuonyesha bango hilo kabla hujamkabidhi ufunguo. Na mkataba unao. Makubaliano ya mdomo ni mkataba halali, na ule ujumbe wa malipo ya 20,000 unaonyesha siku, mtu na kiasi. Ujumbe wa simu na picha za binti yako vinaweza kupokelewa kama ushahidi chini ya Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015. Msivifute, na simu yenyewe msiiuze.

Polisi usiende kwa jambo hili. Kazi mbaya isiyo na nia ovu ni madai ya fedha, na askari si mkusanya madeni. Ingekuwa fundi amelichukua gari bila ruhusa yako na kuligonga, jibu langu lingekuwa jingine. Bima nayo nadhani haitakusaidia: bima ndogo inalinda watu wengine, na bima kubwa kwa kawaida haifidii injini iliyoharibika kwa hitilafu ya kiufundi. Soma hata hivyo hati yako.

Ripoti ikishatoka, kaa na mwenye gereji mkiwa na shahidi mmoja kila upande. Mpe nafasi ya kulipa kwa kazi kuliko kwa fedha, kwa sababu mafundi wengi hawana milioni mbili mkononi lakini wana mikono na wanajua wauza injini. Ukikubali alete injini yeye, sisitiza ipimwe mgandamizo kabla ya kufungwa, iwe na risiti ya muuzaji yenye namba ya injini, na akupe dhamana ya maandishi, walau miezi mitatu. Namba hiyo itabidi ibadilishwe kwenye kadi ya gari kupitia TRA, na gharama yake iingie kwenye makubaliano, maana injini isiyo na karatasi inaweza kukuletea kesi ambayo si yako. Makubaliano yaandikwe: nani analipa nini, tarehe gani, na itakuwaje asipolipa. Ofisi ya mtaa inaweza kushuhudia sahihi. Akikuletea karatasi ya kusaini kwamba umepokea "malipo ya mwisho", usiisaini kabla injini haijatembea.

Akigoma kukulipa, anaweza pia kulizuia gari akidai ada ya kuliegesha au ya kulifanyia kazi. Fundi ana haki ya kushikilia gari hadi alipwe ujira wa kazi aliyoifanya vizuri, lakini haki hiyo haifiki kwenye kurekebisha alichoharibu mwenyewe. Hapo mwandikie barua ya madai yenye mchanganuo ule wa juu, ukiambatisha ripoti, na umpe siku 14. Baada ya hapo ni Mahakama ya Mwanzo, ambayo inapokea madai ya fedha yatokanayo na mkataba yasiyozidi shilingi milioni 30, kwa Kiswahili, na unaweza kujitetea mwenyewe bila wakili. Dai lako liandikwe kama dai la mkataba wa kazi, lenye kiasi kilichohesabiwa, kwa sababu mahakama hiyo haisikilizi kila aina ya dai la uzembe. Ukomo wa madai ya mkataba ni miaka 6 na wa madhara yasiyo ya mkataba ni miaka 3, lakini filta yenye raba mbili haitakusubiri hata wiki.

Mtafute wakili, au msaidizi wa kisheria kama uwezo ni mdogo, iwapo gereji itasema filta ilikuwa bandia na duka nalo likakataa, kwa kuwa hapo mnakuwa watu watatu na lazima iamuliwe nani adaiwe na wapi. Nenda na ripoti ya mkaguzi, filta yenyewe ikiwa kwenye mfuko uliofungwa mbele ya mashahidi, risiti ya duka, ujumbe wa malipo, risiti ya kuvutwa, na daftari la safari za kirikuu lenye tarehe na jina la dereva.